Mpira wa Matundu Saba

Jumatatu, 18 Machi 1957. Thika

Daftari hili nililinunua liwe la oda za mabango, lakini oda hazijazi hata ukurasa, basi nimelichukua mwenyewe. Mimi ni Nicanor, mchora mabango wa Majengo. Ukimwona simba anayecheka kwenye duka la sabuni karibu na stesheni, huyo ni wangu. Ukiona HATARI kwa herufi nyekundu kule kiwanda cha magunia, ni mkono wangu huo, na tangu niiandike hakuna aliyekatwa kidole isipokuwa wawili, nao hawakujua kusoma.

Shuleni niliishia darasa la nne, tena katikati ya mwaka. Yaliyobaki nimeyasomea bandarini Mombasa, Kampala sokoni, na miezi sita melini nikipaka chuma rangi. Leo Bwana wa Maendeleo ameniita ofisini. Kule Ruiru kuna ukumbi na watu wazima kumi na wawili wanaotaka kusoma, lakini hawajawahi kushika penseli, na wakiishika wanaivunja. Anataka mtu awalainishe mkono kwa picha, kisha mwalimu wa herufi aje mwezi wa sita. Akikuta darasa tupu, haji.

Nikamwambia, "Bwana, nipe juma moja tu, watachora kukushinda wewe." Hakucheka. Mke wangu Aoko nilipomsimulia alicheka kwa niaba yake.

Jumatano, 20 Machi

Mvua ya kwanza imenikuta na baisikeli pale darajani. Nimefika Ruiru nimekuwa tope mwenye kofia.

Ukumbi unatunzwa na Muthoka, Mkamba wa Gatuanyaga, mtu wa maneno machache kama ameyanunua. Wanafunzi ni Wakikuyu wote, wavunaji wa kahawa, wanatoka kazini saa tisa na lazima wawe kijijini, ndani ya handaki ambalo serikali imekizungushia, kabla ya jioni. Anayesema kwa niaba yao ni Gathogo, mzee mwenye mabega ya gogo. Amevunja penseli mbili kabla sijamaliza kusema hamjambo.

Nimeamua wataanza na mpira, mpira wa miguu wenye macho na mdomo, kikatuni cha kuchekesha. Nyumba ina pembe, ng'ombe ana miguu minne na kila mguu ni matata. Mpira ni duara moja. Ukishaweza duara, mkono umeshafunguka.

Ijumaa, 22 Machi

Somo la duara. Kosa lao ni kuchora kwa vidole, kama mtu anayekwangua ukoko. Duara hutoka begani. Nimewasimamisha wote, nikawaambia wakoroge uji hewani, sufuria kubwa ya arusi, wazungushe, wazungushe. Kisha waketi, penseli izunguke juu ya karatasi mara tatu bila kugusa, kama ndege anayetafuta pa kutua, ya nne iguse.

Duara la Gathogo lilikuwa kiazi kitamu. La mama mmoja, Wangeci, lilikuwa nduma yenye mizizi. Nikamwambia, "Mama Wainaina, hii ukiichemsha itaiva."

Akaiangalia. "Itaiva, lakini wewe hutapewa."

Darasa likacheka mpaka Muthoka akachungulia dirishani.

Jumatatu, 25 Machi

Mistari ya ngozi. Isiwe imenyooka, maana mpira utakuwa sahani. Ipinde kama mgongo wa paka. Wangeci ameiweza mara ya pili. Chini tunaweka kivuli, la sivyo mpira unaruka kwenda Nairobi bila pasi.

Jumatano, 27 Machi

Leo nimewafanyia jambo ambalo hakuna mwalimu wa Kenya nzima amelifanya. Nimefika mapema, nikaazima ngazi ya Muthoka, nikauchora ule mpira ukutani kwa rangi ya mafuta, mkubwa kama gurudumu la trekta. Macho mawili ya duara. Mdomo ndipo pale mpira unapofungwa kamba, na matundu ya kamba nikayapanga kama meno. Nimeweka saba, kwa kuwa mabaharia walinifundisha kwamba saba ni bahati. Mmoja wao alikuwa nayo kifuani kwa wino.

Walipoingia wakauangalia wakicheka. Nikaona moyo wao umechangamka, nikasema sasa kila mmoja asimame, ainue mkono mbele ya Bwana Mpira, aseme atafanya nini na penseli kabla ya mvua hii kwisha. Gathogo akasema atatia sahihi jina lake, aache kupaka kidole wino kama mwizi. Wengine wakasema hili na lile.

Wangeci alikuwa wa mwisho. "Nitamwandikia mwanangu Wainaina barua kwa mkono wangu. Kabla ya mvua kwisha."

Wainaina yuko kizuizini, mwaka wa tatu huu. Gathogo akanieleza kando: barua za kijiji huandikwa na Zacharia, karani wa chifu, na unachomwambia leo asubuhi, jioni utakikuta mtoni kwa wateka maji, kimeongezwa chumvi. Mwaka jana Wangeci alitaka kumwambia mwanawe jambo, akashindwa, akaandikisha salamu tu.

Nimerudi Thika nikipiga mluzi kwenye mvua.

Ijumaa, 29 Machi

Somo la matundu. Nikachukua fimbo, nikasema tuhesabu pamoja kwa sauti, darasa zima. Moja. Mbili. Tatu. Sauti zilitikisa mabati. Nne. Tano. Sita.

Nikagonga la saba. Kimya.

Nikadhani wamechoka, nikasema mwenyewe, "Saba!" Nikaligonga tena. Mama mmoja akachukua kikapu chake. Gathogo akaangalia ukuta, akahesabu kwa midomo peke yake, akaishia pale pale. Wangeci alikuwa ameshika penseli wima kama mshumaa.

Wakaondoka mmoja mmoja, kwa adabu, wakiniaga. Ilikuwa bado saa tisa na nusu. Nilibaki na fimbo.

Jumatatu, 1 Aprili

Wamekuja wanne. Wameketi wamegeuzia ukuta mgongo.

Jumatano, 3 Aprili

Hakuna mtu. Mvua kubwa.

Ijumaa, 5 Aprili

Hakuna mtu, na mvua haipo. Watu wasio na shukrani ndio hawa. Nimemaliza matairi kwa ajili yao. Nikamuuliza Muthoka, akasema, "Labda wana kazi." Muthoka hajui kudanganya, alisema akiangalia kiatu changu.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimekwenda shambani kwenyewe. Wakanisalimia vizuri, habari ya Thika, habari ya mama nyumbani. Darasa? Tutakuja, mwalimu. Lini? Tutakuja. Gathogo amesema mguu unauma, na huku amebeba gunia la kahawa begani. Wangeci hakuinua kichwa kwenye mti wake.

Sili vizuri. Naamka, nazunguka nyumba, nakaa, nasimama. Aoko amesema ama nikae ama nitoke nje nizunguke na kuku.

Jumanne, 9 Aprili

Leo si siku ya darasa, lakini nimekwenda. Nilimkuta Muthoka akifagia, nikashika ufagio, nikamwambia siuachi mpaka aseme.

Akakaa kwenye benchi. "Wewe ni Mjaluo, hukujua. Ndiyo maana nimekunyamazia. Hawa watu wana jiwe linaitwa githathi. La mviringo. Mtu akisema neno mbele yake, neno limemfunga. Akilivunja anakufa, au watoto wake. Hata kuliweka karibu na nyumba hawataki."

"Mpira wangu si jiwe."

"Lile jiwe lina matundu."



"Saba," nikasema.

"Na hata hiyo namba wenyewe hawaitaji ovyo. Wewe umeichora, umeipa macho, umewainua mikono, wakasema maneno. Kisha ukaigonga kwa fimbo, mara mbili."

Muthoka akateremsha sauti. "Na kuna lingine. Katika Hali hii ya Hatari, anayewaapisha watu kuipinga serikali anatiwa kitanzi. Zacharia akisikia, hawatakuuliza ulikuwa unachora nini."

Tulipanda ngazi saa ile ile, yeye na brashi, mimi na brashi. Chokaa haikuziba rangi ya mafuta. Tukarudia mara tatu. Macho yalififia, yale matundu yalikuwa ya mwisho kupotea.

Alhamisi, 11 Aprili

Zacharia amekuja ukumbini. Kijana wa miaka thelathini, kalamu tatu mfukoni, askari mmoja nyuma. Akagusa ukuta, akaangalia kidole.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Mpira, Bwana Karani."

"Mbona umefutwa?"

"Ulichekwa. Pua ilikuwa pana."

"Mpira una pua?"

"Wa kwangu ulikuwa nayo."

Kwingine kote maneno yale yangenipatia chai. Yeye alifungua rejista, akanakili majina kumi na mawili. "Watu waliinua mikono?" Nikasema katika darasa mikono huinuliwa. "Tutawauliza wenyewe," akasema. Akatoka bila kuaga.

Nimemwambia Aoko kila kitu. Hakupiga kelele. Amekunja nguo zangu mbili safi, akaziweka juu ya sanduku, nizichukue askari wakija. Hilo limenitisha kuliko Zacharia.

Ijumaa, 12 Aprili

Hakuna habari. Mvua. Nimechora bango la kinyozi, nimemkosea sikio.

Jumamosi, 13 Aprili

Muthoka ametembea mpaka Thika kwa miguu kunipa habari. Yeye pia aliitwa ofisini kwa chifu, kwa hiyo aliyasikia haya kwa masikio yake.

Wote kumi na wawili walikuwa wamesimama nje. Zacharia akaanza na Wangeci, akamwita ndani, mlango wazi, akijua ni mama, ana mtoto kizuizini, atatetemeka.

"Mwalimu aliwaapisha?"

"Alituuliza tunataka penseli ya nini."

"Mbele ya nini?"

"Mbele ya mpira."

"Huo mpira ulikuwa na matundu mangapi?"

Wangeci akajifunga leso vizuri. "Bwana Karani, mimi ni mama mzee, sijui kuhesabu. Ndiyo nikaenda shule."

Askari akacheka kwa pua. Wangeci akanyoosha mkono, akachukua kalamu kutoka kwenye meza ya Zacharia, juu ya karatasi ya serikali akazungusha mara tatu hewani, ya nne akagusa. Duara. Mistari. Macho mawili. Mdomo mmoja mrefu, usio na kitu. Kivuli. "Ni huu. Uko hivi."

Waliomfuata walisema walichora kama mama huyo alivyochora, hawajui zaidi. Mpaka saa sita Zacharia alikuwa na mipira minne mezani na chifu anataka chakula. Wakaambiwa waende.

Muthoka alikunywa vikombe vitatu vya chai. Akasema, "Duara lake lilikuwa zuri kuliko lako la ukutani." Nimelipokea.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimemkuta Wangeci shambani, saa ya mapumziko, anakula viazi baridi. Nimemshukuru. Nikamwambia ukuta ni mweupe, hakuna kitu tena, mambo yamekwisha.

"Ukuta umeupaka," akasema. "Na maneno?"

"Mama, nilikuwa natania."

"Wewe ulitania. Mimi sikutania. Nilisema kabla ya mvua kwisha, na namba ile ilikuwa pale, nikiijua nisiijue. Nina mtoto mmoja, mwalimu."

Nikamwambia yeye ni Mkristo, amebatizwa. Akasema ndiyo, amebatizwa, na nyoka anamwogopa vilevile.

"Unataka nifanye nini?"

"Ulisema penseli kabla ya mvua kwisha. Nifundishe."

Nimesema mimi si mwalimu wa herufi. Hiyo ni mara ya kwanza maishani mwangu kusema mimi si kitu fulani.

Jumatano, 17 Aprili

Somo chini ya mikahawa, kijiti kwenye udongo mwekundu. Nyapara anajifanya haoni. Nimefikiri usiku kucha nianzie wapi, nikaona tuanze na kile anachokiweza. Chora mpira mdogo. Uegemeze kijiti kulia. Hiyo ni *a*. Akanitazama. "Kumbe ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu. Wazungu wametuficha."

Jina la mwanawe lina herufi nne tu, zinajirudia. Nikamwambia alimpa jina la watu wenye haraka. Mvua ikaja, ikafuta a zote kumi na tano.

Jumatatu, 22 Aprili

Jumatatu ya Pasaka. Aoko amepika samaki. Nimemfundisha Wangeci n, ni mlango wa nyumba.

Ijumaa, 26 Aprili

Gathogo amekuja kuketi karibu, mguu umepona ghafla. Naye alisema neno lake mbele ya ule ukuta, na usiku hapati usingizi. Mtu mzima mwenye mabega yale. Nilikuwa nikiwaona wagumu, wenye kiburi. Kumbe kila mmoja alikuwa akichora peke yake nyumbani kwa mkaa, ananikimbia mimi na hawezi kuikimbia ahadi. Mimi ndiye niliyekuwa mgumu.

Alhamisi, 2 Mei

Mvua usiku na mchana. Safi sana.

Jumatano, 8 Mei

Wanakuja sita sasa, chini ya miti. Nimemwandikia Bwana wa Maendeleo kwamba darasa limehamia shambani kwa sababu ya hewa.

Jumanne, 14 Mei

Siku tatu jua. Wangeci anasema mvua huhesabiwa imekwisha siku ukungu wa baridi unapoingia asubuhi na kukaa. Sasa mimi ndiye mtu wa kwanza kuamka Majengo nzima. Natoka nje nimejifunga blanketi naangalia upande wa mtoni. Leo hakuna ukungu. Muuza maziwa amedhani nimemvizia.

Ijumaa, 17 Mei

Manyunyu. Nimefurahi kama mkulima, na mimi sina hata shina moja la mahindi ardhini.

Jumatatu, 20 Mei

Wangeci hakuja. Gathogo anasema ana homa tangu Jumamosi, hainuki. Wengine walikusanya vijiti vyao na kuviweka chini taratibu. Nilijua wanalofikiri. Na mimi, Nicanor, niliyelala melini na watu wa kila dini, nimelifikiri pia.

Kijijini siingii bila kibali. Nimesimama nje ya handaki mpaka nyapara akanifukuza. Nikampa Gathogo vidonge vya kwinini na penseli mbili mpya, nikamwambia ampelekee vyote pamoja.

Jumanne, 21 Mei

Nimeshindwa kufanya kazi. Nimekwenda, nimerudi.

Alhamisi, 23 Mei

Vilevile. Asubuhi kulikuwa na ukungu, ukaondoka saa moja na nusu. Nimemuuliza Aoko kama ukungu wa namna hiyo unahesabika. Ameniambia, "Baba Apiyo, umekuja kuwafundisha Wakikuyu, sasa ni wao waliokufundisha." Kisha akatoka kunitazamia mbingu, bila kuombwa.

Jumatatu, 27 Mei

Gathogo ameleta gome la mti. Limeandikwa kwa mkaa: *Wainaina*. Ile n ya pili imelala chali, lakini ni n. Amesema Wangeci anaandika ameegemea ukuta, ukuta wote wa nyumba umejaa, jirani amelalamika moshi si mweusi kama ule.

Nimeliweka gome mfukoni. Nimelia kidogo njiani, mvua ilikuwa inanyesha, hakuna shahidi.

Ijumaa, 31 Mei

Amekuja. Amekonda, leso inamzunguka mara mbili. Tumefanya herufi nane mpya siku moja, hataki kupumzika. Nikamshauri aniambie anachotaka kusema, nimwandikie kielelezo, yeye anakili. Ni njia ya haraka, mabango hufanywa hivyo.

"Hapana," akasema. "Nifundishe herufi zilizobaki."

Nikasema angalau anidokeze maneno, nijue aanze na herufi gani.

"Zote."

Jumatatu, 3 Juni

Gathogo ametia sahihi kwenye karatasi ya mshahara. Yote, mpaka h na o. Karani wa shamba amemwomba na kidole pia, kwa mazoea. Gathogo amekataa.

Baridi inaingia.

Jumatano, 5 Juni

Asubuhi hii niliamka nikaona mti wa jirani hauna kichwa. Ukungu, mzito, umekaa. Nilipanda baisikeli bila chai. Barabara yote sikuona zaidi ya gurudumu langu la mbele, nikihesabu kama ukungu wa Thika ni ukungu wa Ruiru pia, au kila mahali na wake.

Ruiru kulikuwa kweupe nusu, kunanyunya manyunyu membamba, mvua ya kubembeleza. Wangeci alikuwa amesimama nje ya posta tangu haijafunguliwa, na kibali chake mkononi. Alikuwa na bahasha. Ameifunga kwa uji mzito. Juu ameandika jina na namba na kambi, herufi kubwa zimelegea kama watu wanaotoka kilabuni, lakini zote ziko, na kila moja iko mahali pake.

Nikamwambia, "Lete nikuangalizie ndani, pengine kuna herufi imelala."

"Acha ilale."

"Kule kambini wataifungua, mama. Wataisoma kabla yake."

"Wakisoma huko ni kazi yao, hawanijui. Hapa Ruiru hakuna aliyesoma." Akaniangalia juu hadi chini. "Wewe una mdomo mkubwa, mwalimu. Moyo wako mzuri, lakini mdomo ni mkubwa."

Nikamnunulia stempu.

Tundu la sanduku la posta liko juu, na mkono wake tangu homa hauinuki vizuri. Akanipa bahasha niitie mimi. Kisha akageuka kujifunga leso, akanipa mgongo, akachukua muda wake. Uji ulikuwa bado mbichi upande mmoja. Kona ilikuwa imejiinua yenyewe, na ndani niliona ukingo wa karatasi yenye mistari, na weusi wa penseli iliyokandamizwa sana.

Nikaibana kona kwa kidole gumba mpaka ikashika. Nikaitia, nikaisikia ikianguka chini.

"Imeingia?"

"Imeingia."

Akakaa kwenye ngazi ya posta, kama mtu aliyetua gunia, akaomba maji.

Jioni Aoko aliniuliza barua ilisema nini. Nikamwambia sijui. Akadhani nataka kubembelezwa, akauliza tena. Nikamwambia kweli sijui. Akaniangalia kama mgeni aliyekuja na barua ya utambulisho, kisha akaniongezea samaki.